Udongo wa karatasi unaokauka kwa hewa: kumfinyanga mtu bila nyufa

Udongo wa karatasi hauhitaji tanuri wala oveni. Unaufinyanga, unauacha, maji yanatoka, unakuwa mgumu. Urahisi huo ndio unaowavutia wengi, na humo humo ndimo kazi nyingi zinamoharibikia. Maji yakitoka, udongo hunywea. Kilicho ndani yake, iwe waya, mpira wa foili au shanga ya jicho, hakinywei hata kidogo. Ngozi ya nje inabana, cha ndani hakikubali kubanwa, na ufa unatokea. Ukiishika sababu hii moja utaelewa kwa nini karibu kila hatua ya kumfinyanga mtu hufanywa jinsi inavyofanywa.

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa sana. Wafinyanzi wa vyungu nao wana udongo wanaouita wa karatasi: ni udongo wa ufinyanzi uliotiwa nyuzi za karatasi, na lazima uchomwe tanurini. Usipochomwa utabaki dhaifu na ukilowa utamomonyoka. Huo si huu. Huu wetu ni mchanganyiko wa nyuzi za mbao, unga laini wa mawe ya volkano au talki, wanga, maji, na dawa kidogo ya kuzuia kuoza. Aina za La Doll na Premier, zote za kampuni ya Padico ya Japani, ndizo zinazopendwa na watengenezaji wa wanasesere wenye viungo vinavyopinda. La Doll ni nzito na ngumu zaidi ikikauka, Premier ni nyepesi na laini mkononi. Creative Paperclay ya Marekani ni nyepesi na inachongeka vizuri. DAS ya Italia mara nyingi huwekwa rafu moja nazo, lakini ile ya kawaida ni ya madini zaidi kuliko karatasi, kwa hiyo tabia zake zinatofautiana na haya ninayoeleza hapa.

Kabla ya kuanza sanamu yoyote, upime udongo wako. Kata kipande cha urefu wa mm 100 kamili, upana wa mm 20 na unene wa mm 5, kilaze juu ya karatasi kavu na ukigeuze mara mbili kwa siku. Kikikauka kabisa, pima urefu wake. Kikiwa mm 93, udongo huo unanywea asilimia 7. Aina nyingi za dukani huangukia kati ya asilimia 5 na 10, na za kujitengenezea hupita hapo kwa urahisi zikiwa na maji mengi. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na kitakuonyesha jinsi utakavyopaswa kuwa mwangalifu.

Kiunzi

Tuseme sanamu ya mtu aliyesimama, urefu wa sm 30. Mwili wa mtu mzima ukichorwa kwa uhalisia hubeba vichwa 7 na nusu, kwa hiyo kichwa chake kitakuwa sm 4. Chora mtu huyo kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, mbele na ubavuni, kisha pinda waya juu ya mchoro huo upate kiunzi, yaani mifupa ya ndani ya sanamu. Usikadirie kwa macho. Kiunzi chenye mikono mirefu kupita kiasi hakifichiki, hata uweke udongo mwingi namna gani.

Tumia waya wa alumini. Wa chuma hushika kutu kwa sababu udongo unabaki na unyevu kwa siku kadhaa, na doa la kahawia litapenya hadi kwenye rangi. Kwa ukubwa huu, waya wa mm 3 unatosha uti wa mgongo na miguu, au wa mm 2 ukisokotwa mara mbili. Mikono mm 1.5 hadi 2; vidole mm 0.6 hadi 0.8. Acha sm 4 au 5 za waya chini ya kila unyayo zizame kwenye kitako cha mbao. Kitako chenyewe kipake vanishi mapema, maana mbao mbichi hunyonya maji ya udongo na kujipinda. Funga kila kiungo cha waya kwa waya mwembamba na uongeze gundi. Kiunzi kikitikisika kidogo tu, hakuna udongo utakaokaa bila kupasuka.

Kifua, nyonga na kichwa vijaze kwa foili ya jikoni iliyokandamizwa hadi iwe ngumu kabisa. Ibane kwa plaizi, igonge mezani. Foili iliyo laini inabonyea unapofinyanga, na inaendelea kubonyea udongo ukiwa umeanza kukauka. Ujazo uishie mm 5 au 6 ndani ya umbo la mwisho, siyo karibu zaidi. Kwa kichwa unaweza kutumia mpira wa povu jeupe ili sanamu isielemee juu, ila kumbuka kwamba rangi na vanishi nyingi za kopo la kupuliza hula povu hilo zikipata upenyo.

Halafu zungushia kiunzi chote tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Alumini ni laini mno. Udongo ulioganda juu yake bila tepu huzunguka kama bangili kwenye mkono. Pakaa koti jembamba la gundi nyeupe ya mbao juu ya tepu, iache ianze kunata, ndipo uweke udongo.

Tabaka la kwanza ni la kupasuka

Hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Wanaweka nyama yote ya mwili kwa mara moja, wanachonga uso mzuri, na asubuhi wanakuta shingo imekatika. Tabaka la kwanza liwe na unene wa mm 3 hadi 4, halina umbo la kupendeza, na liachwe likauke kabisa. Litapasuka, na linatakiwa lipasuke sasa hivi, wakati hakuna kitu cha thamani juu yake. Nyufa zikishajazwa, tabaka la pili linakaa juu ya kitu ambacho hakisogei tena wala hakinywei tena, na kwa kuwa nalo ni jembamba, mvutano wake ni mdogo.

Tabaka la mm 4 kwenye hewa kavu yenye mzunguko huchukua takriban siku moja. Tonge la unene wa sm 3 linaweza kupita wiki huku juu likionekana tayari. Usiamini rangi peke yake. Weka sehemu hiyo shavuni: ikiwa na ubaridi, bado maji yanatoka. Njia ya uhakika zaidi ni mizani ya jikoni. Pima sanamu asubuhi na jioni. Uzito ukiacha kushuka, imekauka.

Feni ikielekezwa moja kwa moja, jua kali, au mashine ya kukaushia nywele, vyote hukausha ngozi kabla ya kiini. Ngozi inanywea juu ya tumbo lenye maji, inachanika. Kinachotakiwa ni hewa inayopita polepole pande zote, na sehemu zote kukauka kwa mwendo unaokaribiana. Kwa hiyo sehemu nyembamba (vidole, masikio, ncha ya pua) zifunike kwa plastiki ya kufungia chakula kwa saa za mwanzo huku kifua na mapaja yakitangulia. Ila usifunike sanamu nzima kwa siku nyingi, kwani ukungu utaanza madoa meusi.

Kuhusu maji ya kulainishia, nina msimamo mkali: kidole kiwe na unyevu, kisidondoke. Kila unapopitisha kidole chenye maji mengi unageuza ngozi ya juu kuwa uji, nyuzi zinaelea, na uji huo ukikauka unanywea kuliko udongo ulio chini yake. Matokeo yake ni mtandao wa nyufa ndogo ndogo uso mzima. Sponji iliyokamuliwa hadi isitoe tone inafanya kazi ileile bila madhara hayo.

Kuunga kibichi na kikavu

Sifa kubwa ya udongo huu ni kwamba unaongeza kibichi juu ya kikavu, leo, kesho, au mwaka ujao. Lakini kikavu ni kinyonyaji. Ukibandika pua mbichi juu ya uso mkavu, uso unaifyonza maji upande wa chini na pua inajikunja na kubanduka. Lowesha kwanza pale unapounga, subiri dakika 5 maji yazame, lowesha tena kidogo, kwaruza mistari ya kupishana kwa ncha ya kisu, kisha pakaa uji wa udongo. Uji huo ni udongo uliopondwa na maji hadi uwe mzito wa kushika brashi, na gundi nyeupe kijiko kimoja kwa vijiko vitatu vya udongo. Usizidishe gundi. Ikikauka inakuwa plastiki: msasa hauipati, inang'aa chini ya rangi, na kisu kinapita juu yake kikiruka.

Uso

Fuvu likauke kabla hujaweka hata jicho moja. Macho yapo nusu ya urefu wa kichwa, siyo juu zaidi. Anayeanza karibu kila mara huyapandisha kwa sababu anasahau fuvu lililo chini ya nywele. Tufe zima la jicho la binadamu, pamoja na sehemu iliyofichika ndani, ni kama sehemu moja ya kumi ya urefu wa kichwa, kwa hiyo kwa kichwa cha sm 4 shanga ya mm 4 inafaa. Chimba tundu kwa ncha ya kuchimbia, tia uji, sukuma shanga, angalia kutoka chini na kutoka juu kama macho yote mawili yamezama sawa, kisha acha pakauke.

Kope zinafuata, na hapa shanga inaleta tatizo lilelile la kiunzi: hainywei. Ukiweka kope nene ya mm 2 itapasuka kwenye pembe ya jicho, karibu bila kukosa. Viringisha uzi wa udongo wa mm 1, weka kope ya chini, acha igande, halafu ya juu ipite kidogo mbele ya ile ya chini pale pembeni. Ufa wa unywele ukitokea, jaza kwa brashi ndogo na uji mzito.

Pua, midomo na mifupa ya mashavu vifinyange vikubwa kidogo kuliko unavyotaka, kisha uvichonge vikiwa vikavu. Ukiwa na kisu cha wembe chenye makali mapya, mstari wa midomo, matundu ya pua na mkunjo wa kope hutoka safi kuliko udongo mbichi unavyoweza kutoa, kwa sababu udongo mbichi wa karatasi huvuta nyuzi na kuacha kingo za manyoya. Anayekuja kutoka kwenye udongo wa polima, ule wa plastiki unaogandishwa kwa oveni, anaona tabu mwanzoni, akitaka kumaliza kila kitu kikiwa kibichi. Udongo wa karatasi nusu yake ni ufinyanzi, nusu ni uchongaji. Ukiukubali hivyo unakupa uso mkali kuliko unavyotegemea.

Viganja

Kiganja pamoja na vidole kiwe na urefu kama robo tatu ya kichwa, yaani sm 3 kwa sanamu hii. Vidole vitano vya waya mwembamba vifungwe pamoja kwenye kifundo cha mkono na kuzungushiwa uzi wa kushonea au tepu iliyokatwa vipande vya mm 2, ili udongo upate pa kung'ang'ania.

Usijaribu kuvisha kila kidole soksi ya udongo. Paka uji kwa brashi, koti baada ya koti, kila moja likauke. Makoti 4 au 5 yanaleta unene wa kidole, na kwa kuwa kila koti ni jembamba sana mvutano wake hauna nguvu ya kupasua. Vifundo vya vidole ongeza kwa tone dogo la uji mzito. Mkao wa vidole uamuliwe kabla ya koti la kwanza. Kupinda waya baadaye ni kuubomoa udongo. Ukishamaliza kupiga msasa, tone la gundi kali ya papo hapo iliyo nyepesi huzama kwenye vidole na kuvifanya vigumu sana. Fanya hivyo penye hewa, na usiiguse kwa kidole.

Nguo na nywele hazina haja ya maelezo marefu. Sukuma udongo kati ya plastiki mbili hadi mm 2, kata, visha sanamu, panga mikunjo haraka kabla haijaanza kukakamaa. Matone machache ya gundi yakikandwa ndani ya udongo yanapunguza kukatika kwenye mkunjo. Kwa kitambaa chembamba kabisa, tishu iliyochovywa kwenye gundi na maji kiasi sawa inapita udongo wowote.

Kuusoma ufa

Ufa una lugha yake. Unaozunguka kifundo cha mkono au goti unasema waya ulicheza, au udongo ulinywea kwa urefu juu ya waya usionywea. Unaoshuka kifuani unasema kiini kilikuwa laini au tabaka lilikuwa nene. Ufa wa duara kuzunguka kitu ulichobandika ni ishara kwamba chini palikuwa pakavu mno. Mtandao mdogo ni maji ya kidole.

Kosa la kawaida katika kuziba ni kumimina uji ndani ya ufa mpana. Uji una maji mengi, utanywea, ufa utarudi palepale. Panua ufa kwa kisu uwe na umbo la V, lowesha kingo, kisha sukuma udongo uliouacha wazi hadi ukawa mkavu kuliko kawaida lakini bado unakandika. Rudia ukikauka. Kwa umaliziaji, hakuna kinachoshinda vumbi la msasa la udongo uleule likichanganywa na gundi nyeupe: vumbi hilo limeshanywea tayari, kwa hiyo linajaza na kubaki, na rangi yake inafanana. Weka akiba kwenye kichupa.

Kuhusu vumbi hilo hilo: lina unga wa mawe. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi, piga msasa nje au juu ya kitambaa chenye unyevu, na ufute badala ya kufagia. Anza na msasa namba 180, kisha 240, umalizie 400. Manyoya ya nyuzi yakisimama, paka praima (rangi ya msingi) nyembamba, acha ikauke, pitisha 400 tena, yanakatika.

Wa kujitengenezea

Mchanganyiko unaofanya kazi kwa sanamu: gramu 60 za karatasi ya chooni isiyo na manukato, iloweshwe na ikamuliwe hadi ipime kama gramu 220, gramu 150 za gundi nyeupe ya mbao, gramu 250 za unga laini wa chaki, yaani kalsiamu kaboneti, gramu 60 za wanga wa mahindi, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kitani, matone machache ya mafuta ya karafuu kuzuia ukungu. Saga karatasi na gundi kwanza kwa mashine ya mkono hadi hakuna vinundu, halafu ongeza unga kidogo kidogo ukikanda. Mizani ni muhimu hasa kwenye karatasi iliyokamuliwa, kwa sababu hapo ndipo maji ya ziada yanapoingia bila kuonekana. Ukipata mchanganyiko unaonata mikononi, ongeza chaki, siyo wanga. Wanga ukizidi unaongeza kunywea na unakaribisha wadudu.

Usitumie plasta ya jasi ya unga badala ya chaki. Inaganda kwa kemia yake yenyewe ndani ya dakika, na utakuta bakuli limekuwa jiwe kabla hujafika kwenye kiunzi.

Rangi, kufunga, kutunza

Praima ya akriliki au jeso (rangi nyeupe ya msingi ya wachoraji) makoti 2 membamba, kisha rangi ya akriliki, kisha vanishi. Sharti ni moja: sanamu iwe imekauka hadi kiini kabla ya koti la kwanza. Unyevu uliofungiwa ndani utatafuta njia, na rangi itavimba malengelenge au kuvua ganda. Paka na chini ya nyayo na ndani ya mikunjo, maana sehemu moja iliyoachwa wazi inatosha kuingiza unyevu wa hewa. Vanishi inalinda dhidi ya mikono na kitambaa cha kufutia vumbi. Haiifanyi sanamu iwe ya kukaa nje kwenye mvua.

Udongo uliobaki ufunge kwa plastiki uukaze bila hewa, tia ndani ya mfuko wa zipu pamoja na kipande cha sponji chenye unyevu. Ukikuta umeanza kuwa mgumu, ukate vipande vidogo, nyunyizia maji, funga usiku kucha, kisha ukande. Uliokauka kabisa usiutupe: uponde, uloweke siku mbili, uupitishe kwenye chujio, nao unakuwa uji wa kuungia.

Kidole kikivunjika baada ya rangi, kwaruza rangi mm 3 pande zote mbili hadi uone udongo, lowesha, tia uji wenye gundi, bana kwa tepu siku nzima. Gundi peke yake inashika kwa muda, lakini mpasuko utaonekana chini ya rangi mpya. Uji unajaza na kushika kwa pamoja.